Paulo Naye Alikwama Njiani: Somo kutoka Foleni ya Somanga



Wapendwa vijana, kwenye kikao chetu binti mmoja aliuliza swali dogo tu: "Kaka, nikisafiri Jumapili gari likakwama njiani, Misa ikanipita, nimetenda dhambi au sijatenda?" Wenzake wakacheka, eti anatafuta sababu ya kutegea. Mimi sikucheka. Swali hilo nilishawahi kulipeleka mwenyewe kwa padre, na jibu nililopata sikulitegemea. Ndiyo maana somo la leo nalianzia barabarani.

Mnakumbuka Mei ya 2024. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, inaanza Novemba au Desemba na ikifika mwisho wa Aprili inakuwa imeaga. Mei ni mwezi wa kusafishia mikorosho na kuulizana salfa inakuja lini. Mwaka ule mambo yalikwenda kombo. Mvua za El Niño zilikuwa zimeshaipiga nchi tangu mwishoni mwa 2023. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu aliliambia Bunge kwamba watu 155 wameshapoteza maisha. Rufiji na Kibiti watu walikuwa wanapita kwa mitumbwi juu ya mashamba yao. Kabla hata hayo hayajakauka, Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kimbunga. Kikaitwa Hidaya. Jumamosi tarehe 4 Mei kikafika Mafia.

Kimbunga kwetu ni mgeni wa nadra. Wazee wa Lindi wanasimulia kile cha Aprili 1952, na wengi wetu tunakikumbuka Kenneth cha Aprili 2019, ambacho watu wa Mtwara walikikimbia kikaenda kupiga Msumbiji. Labda kwa sababu hiyo tangazo nililisikia nikalipuuza. Nilijiambia hayo ni mambo ya watu wa pwani, sisi tuko juu huku. Ukisimama pale Shimo la Mungu, Newala, ukaliona bonde la Ruvuma liko chini kabisa na Msumbiji ng'ambo, unajiona mafuriko hayakuhusu. Kiukweli sisi wa uwanda wa juu shida yetu siku zote ni kukosa maji, tunayanunua kwa ndoo. Nani angefikiri yatatufungia njia?

Basi, Jumapili tarehe 5 alfajiri nikapanda gari la Dar. Misa? Nikasema nitawahi ya jioni nikifika. Tukashuka uwanda, tukapita Mtama, tukapita Mnazi Mmoja, mvua inanyesha tu. Tulipoiacha Nangurukuru nyuma, tukakuta mkia wa foleni. Malori, mabasi, gari za watu binafsi, zote zimezima injini. Konda akashuka, akarudi kalowa mpaka kiunoni. "Mbele huko Somanga barabara hakuna. Imekatika."

Watu wa mijini kwenye nchi za theluji nasikia nao hukwama hivihivi, treni hazitembei, ndege hazirushwi, mtu analala stesheni. Kwetu ni maji. Barabara ya pwani imepita sehemu za chini, na vijito vyote vinavyoshuka kwenda baharini lazima vipite chini yake kwenye makalavati. Maji yakizidi ukubwa wa kalavati yanatafuta pembeni, yanakula udongo, lami inabaki inaning'inia kama ulimi, halafu inadondoka. Na njia nyingine ya kutoka kusini ni kuzunguka Tunduru, Songea, Njombe na Iringa. Nauli hiyo nani anayo mfukoni?

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye somo.

Kwenye begi langu nilikuwa na mihogo ya kuchemsha ambayo mama aliifunga kwenye majani, korosho za kukaanga karibu kilo moja, na chupa mbili za maji. Kiti cha pembeni alikaa baba mmoja na mtoto wake wa kike wa miaka kama minne. Jioni ile mtoto akaanza kulia njaa. Wauzaji walishapita na pikipiki, maji ya chupa yamepanda bei mara mbili, biskuti vilevile. Yule baba alihesabu hela zake, akazirudisha mfukoni. Mimi nikageukia dirishani nikajifanya nimelala. Giza lilipoingia, nikala muhogo wangu polepole ili usilie mdomoni. Ndiyo, nilikula kwa kujificha, rozari ya mwezi wa Maria ikiwa shingoni.

Asubuhi ile, kabla ya hayo, mambo yalikuwa yameanza vizuri. Kwenye gari letu alikuwemo mama mtu mzima, katekista wa kigango fulani. Tulipoelewa kwamba hatuondoki, alisimama katikati ya viti akasema, "Wanangu, leo ni Jumapili ya sita ya Pasaka. Padre hatuna, lakini masomo tunayo." Akafungua simu yake, chaji imebaki kidogo. Akasoma Petro alivyoingia nyumbani kwa Kornelio, mtu wa mataifa, akakiri kwamba Mungu hana upendeleo. Akasoma waraka wa kwanza wa Yohane. Akamalizia na Injili ya Yohane 15, pale Bwana anapowaamuru wanafunzi wapendane kama alivyowapenda yeye, na kuwaambia upendo mkubwa kuliko wote ni wa anayetoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake. Mama mmoja Mwanglikana wa Masasi aliitikia kwa sauti kuliko sisi. Waislamu waliokuwemo walizima redio, wakakaa kimya kwa heshima. Tulisali Baba Yetu tukiwa tumeshikana mikono, na mkono nilioushika mimi ulikuwa wa yule baba wa pembeni.

Kwa hiyo jibu la swali la binti yetu ni hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2181, inasema waamini wanabanwa na wajibu wa kushiriki Ekaristi siku za amri, isipokuwa wana sababu nzito, kama ugonjwa au kulea mtoto mchanga, au wameruhusiwa na mchungaji wao. Barabara iliyosombwa na maji ni sababu nzito. Huna dhambi. Namba 2183 inaongeza kwamba pasipo na mhudumu, au kwa sababu nyingine nzito, inapendekezwa sana kushiriki ibada ya Neno, au kusali kwa muda unaofaa, peke yako, na familia au kwa kikundi. Sisi wa vigango jambo hili tunalijua, kuna Jumapili nyingi padre yuko kigango kingine na katekista ndiye anayetuongoza. Ila usilifanye kichaka. Anayejua kwamba atasafiri Jumapili alfajiri na parokia yake ina Misa ya Jumamosi jioni, Kanisa linamkubalia Misa hiyo kuwa ya Jumapili. Aende. Kusema "nitawahi ya jioni Dar" wakati kuna tangazo la kimbunga, hiyo ni kumjaribu Mungu kidogo, na mimi nilifanya hivyo.

Usiku ule ndani ya gari mtu mmoja alisema kwa sauti, "Hii ni adhabu. Nchi imechafuka." Wengine wakaguna kukubali. Vijana, neno hili mtalisikia kila mvua ikizidi, na mkatae. Bwana wetu aliulizwa jambo la aina hiyo. Katika Luka 13 anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anauliza kama walikuwa wakosefu kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu, kisha anajibu mwenyewe: hapana. Lakini haachi hapo, anawageuzia waliosimama mbele yake: ninyi je, mmetubu? Watu wa Rufiji hawakuwa wakosefu kuliko watu wa Newala. Bahari ya Hindi ilipata joto, mawingu yakajaa, mvua ikashuka. Swali linalobaki ni la mimi niliye hai ndani ya basi, na muhogo wangu.

Na sasa Paulo. Someni Matendo ya Mitume sura ya 27 yote leo usiku, msisome vipande. Ni habari ya safari iliyoharibika. Paulo ni mfungwa anapelekwa Roma chini ya jemadari Yulio. Aliwaonya wasiondoke kwa sababu majira ya hatari yamefika. Hawakumsikiliza, nahodha na mwenye chombo walionekana wanajua zaidi. (Matangazo ya hali ya hewa hayakuanza kupuuzwa na mimi.) Dhoruba ikawakamata. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Mabaharia wakataka kutoroka na mtumbwi wa meli usiku, wakijifanya wanashusha nanga. Baadaye askari wakataka kuwaua wafungwa wasije wakakimbia. Ndivyo hofu inavyofanya, kila mtu anatafuta mlango wake.

Kilichonigusa kiko kwenye aya ya 33 na kuendelea. Usiku wa kumi na nne, watu hawajala kitu. Paulo anawaambia wale, wapate nguvu. Halafu anachukua mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega, anaanza kula. Mbele ya wote! Luka anahesabu kabisa: watu 276 chomboni. Wengi wao wapagani, askari, wafungwa, mabaharia. Na wote wakapata moyo, nao wakala. Sisemi ile ilikuwa Misa, wataalamu wa Maandiko wana maoni yao. Ninachosema ni kwamba Paulo hakugeukia dirishani.

Sura ya 28 ni tamu zaidi. Wanafika Malta wameshika mbao, mvua inanyesha, baridi. Wenyeji, watu wasiomjua Kristo, wanawawashia moto na kuwakaribisha wote kwa wema usio wa kawaida. Na Paulo, mtume mzima, anaokota kuni. Hapo ndipo nyoka alipomtokea, lakini watu wakikumbuka nyoka wanasahau kuni. Hakukaa kusubiri kuhudumiwa kwa sababu yeye ni mtumishi wa Mungu.

Malta yetu sisi ilikuwa kijiji cha jirani na foleni. Jumatatu asubuhi walikuja akina mama wamejitanda khanga, mvua inanyesha, wamebeba ndoo ya uji na vikombe vya plastiki. Waislamu wale, na hakuna aliyetuuliza dini. Nilisikia mmoja akimwambia katekista wetu, "Dada, kinamama wenye watoto waje walale ndani, wanaume mtatusamehe, nyumba ni ndogo." Nikatoa elfu mbili nilipe uji. Bibi mmoja akanisukuma mkono. "Mwanangu, mgeni wa mvua halipi." Yule mtoto wa pembeni alikunywa vikombe viwili, akalala.

Mimi uji ulinishinda kumeza. Nilirudi garini nikalitoa lile begi, nikamwambia yule baba, "Kaka, nina korosho hapa, na mihogo miwili imebaki." Aliipokea, akasema ahsante, na hakusema zaidi. Nadhani alikuwa ameninusa tangu jana, mihogo ina harufu. Mchana ule vijana tulishuka tukaenda kusaidia kusukuma gari zilizozama pembeni, na kuokotea wale akina mama kuni. Kuni zilikuwa mbichi, moshi mtupu. Mbele huko mafundi wa TANROADS walikuwa wanamwaga mawe usiku na mchana. Usiku wa pili ulipopita, dereva akaamua kugeuza, tukarudi Lindi.

Nilipofika nyumbani nilienda kuungama. Nikaanza na Misa niliyoikosa. Padre akanikatisha, akanieleza yale ya Katekisimu niliyowaandikia hapo juu. Halafu akauliza, "Na huko njiani mlikula nini?" Nikanyamaza. Akasubiri. Nikamwambia kuhusu muhogo na dirisha.

Malipizi yangu hayakuwa Salamu Maria kumi. Aliniambia kila nitakaposafiri kuelekea Dar nibebe chakula cha watu wawili, na kile cha pili nisikiguse mpaka nimemuuliza jirani yangu kama ameshakula. Nimesafiri mara nne tangu hapo. Mara tatu jirani alishakula, akanicheka. Mara ya nne alikuwa mzee wa Tandahimba aliyetoka hospitalini, na gari lilikuwa halijakwama popote.

Alhamisi kwenye jumuiya njooni mmesoma Matendo 27 na 28. Binti wetu wa swali ndiye atakayeongoza, na atakayekuja na muhogo aje na wa kugawa.