RAM Nne, Kompyuta Haitulii: Fundi Anajibu

Swali: Kompyuta yangu ya kuhariri video ina prosesa ya Ryzen 7000 na vipande viwili vya RAM, kila kimoja GB 16. Ilikuwa haina tatizo. Nimeongeza viwili vingine ili nifikishe GB 64, na tangu hapo inaganda, mara inajizima, mara inaleta skrini ya bluu. Je, nimeuziwa RAM mbovu?

Jibu: Inawezekana, lakini usirudi dukani na hasira kwanza. Mazabodi yako ina sloti nne, ila prosesa ina njia mbili tu za kuwasiliana na RAM. Ukijaza sloti zote, kila njia inabeba vipande viwili. Mawimbi ya umeme yanayopita humo hugawanyika, mengine hurudi nyuma na kuvuruga yanayofuata, na kadiri kasi inavyopanda ndivyo inavyokuwa vigumu kusoma data bila makosa.

AMD wenyewe wanalitaja jambo hili katika maelezo ya Ryzen 7000: ukiweka vipande viwili vya DDR5, kasi wanayoikubali ni 5200. Ukiweka vinne, inashuka hadi 3600. Boksi la RAM halikuambii hivyo. Limeandikwa 6000 kwa herufi kubwa, nawe ukawasha EXPO, yaani mpangilio wa kuipa RAM kasi ya boksi, kwenye BIOS ukitegemea kuipata. Ile 6000 imepimwa na mtengenezaji wa RAM kwa vipande vilivyomo kwenye boksi hilo. Hakupima maboksi mawili kwa pamoja.

Swali: Lakini vyote vinne ni vya kampuni moja na namba ya bidhaa ni ileile.

Jibu: Haitoshi. Chipu zilizobandikwa juu yake zinaweza kuwa za Samsung, SK Hynix au Micron, na kampuni inayouza RAM inaweza kubadilisha chipu bila kubadilisha jina la bidhaa.

Swali: Basi nianzie wapi?

Jibu: Anza kwa kunakili kazi zako kwenye diski ya nje, ukiwa umerudisha vile vipande viwili vya zamani pekee. Nasisitiza hili kwa sababu RAM isiyotulia haiishii kuzima kompyuta. Data ikiharibika ikiwa ndani ya RAM kisha ukaihifadhi, inaandikwa kwenye diski hivyohivyo, na unaweza kugundua baada ya miezi, faili la harusi ya mteja likikataa kufunguka.

Kisha rudisha vyote vinne, ingia BIOS na uzime EXPO (wenye Intel watakuta XMP). Hifadhi, uiache iwake. Hapa wengi hukosea: DDR5 ikibadilishiwa mipangilio, mazabodi huipima upya, na kwa vipande vinne skrini inaweza kubaki nyeusi dakika kadhaa. Usichomoe waya. Subiri.

Ikiwaka, weka Memtest86+ kwenye flashi. Ni programu ya bure, nayo hujiendesha kabla ya Windows. Iache ifanye kazi usiku kucha. Kosa hata moja halivumiliki. Ikimaliza bila kosa, RAM zako ni nzima na tatizo lilikuwa kasi. Panda polepole, 4000, halafu 4400, ukipima kila hatua. Ikianza kutoa makosa, rudi hatua moja nyuma na ubaki hapo.

Ikitoa makosa hata kwenye kasi ya chini, zima, chomoa umeme, gusa chuma cha kasha ili mwili upoteze chaji, kisha pima kipande kimojakimoja kwenye sloti ileile. Mazabodi nyingi hutaka uanze na A2, yaani ya pili ukihesabu kutoka kwenye prosesa. Kitabu cha mazabodi kitakuthibitishia. Kipande kinachofeli peke yake ndicho cha kurudisha dukani. Vikipita vyote, chukua kimoja uzungushe sloti zote nne. Sloti ikikataa, ondoa vumbi, kisha kagua prosesa: pini iliyopinda kwenye soketi, au feni iliyokazwa kupita kiasi, inaweza kuvuruga njia nzima ya RAM.

Swali: Fundi wa mtaani kwetu anasema niongeze volti.

Jibu: Usianzie huko. Mwaka 2023, baada ya baadhi ya prosesa za Ryzen 7000 kuungua, AMD waliweka kikomo cha volti 1.3 kwa sehemu ya SoC, ambayo ndiyo yenye kidhibiti cha RAM. Badala ya volti, sasisha BIOS, kwa kuwa matoleo mapya mara nyingi huboresha namna RAM inavyoshughulikiwa. Fanya hivyo kompyuta ikiwa kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo mazabodi inaweza kufa.

Swali: Nikibaki kwenye 3600 sitapoteza?

Jibu: Kwenye michezo ya kompyuta utaona tofauti. Kwa video, GB 64 za mwendo wa chini zinazotulia ni bora kuliko GB 32 za kasi zinazojaa na kulazimisha kazi ihamie kwenye diski. Ila kama duka bado linakubali kurudishiwa, rudisha vyote viwili vipya, uza vya zamani, na ununue boksi moja lenye vipande viwili vya GB 32. Utapata ukubwa uleule, na sloti mbili zibaki wazi. Na kwa anayejenga kompyuta mpya ya DDR5: nunua tangu mwanzo GB utakazohitaji, katika vipande viwili.