Kuchagua Kozi ya Kwanza ya Uandishi

Mnamo mwaka wa 1996, Chuo Kikuu cha Grand Valley State, jimboni Michigan, Marekani, kiliacha kuwagawa wanafunzi wapya kwa alama za mtihani. Daniel Royer na Roger Gilles, walioasisi utaratibu huo, waliwaeleza wanafunzi kozi mbili zilizokuwapo: ya matayarisho na ya kawaida. Kila mmoja akajihoji: je, mimi husoma kwa hiari? Huandika mara ngapi? Kisha akachagua mwenyewe.

Kwetu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kawaida husajiliwa kozi ya stadi za mawasiliano, ifundishwayo kwa Kiingereza, awe stadi au mgeni wa kalamu. Yule wa Kiswahili hupata humo mpangilio wa aya na urejeleaji wa vyanzo. Istilahi, upatanisho wa kisarufi katika sentensi ndefu na sajili ya kitaaluma havimo. Pengo hilo huja kudhihirika aandikapo mradi wa utafiti. (Mwandishi huyu alilitambua usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha!) Hivyo basi, panapokuwapo kozi ya hiari ya uandishi wa Kiswahili, mwanafunzi na aulize kabla ya kujisajili: tutaandika insha ngapi, na rasimu zetu zitasomwa na nani?