Dondoo muhimu: Kuchomelea stenlesi za aina tofauti

- Tambua aina kwanza. Stenlesi 304 na 316 kwa kawaida hazinaswi na sumaku, 430 hunaswa.
- Chagua rodi inayofaa. 304 kwa 304, tumia 308L. 316 kwa 316, tumia 316L. Stenlesi kwa chuma cha kawaida, tumia 309L.
- Tenga vifaa. Brashi au diski iliyogusa chuma cha kawaida huacha chembe zinazoleta kutu.
- Punguza joto. Stenlesi hupinda upesi. Shikiza kwa nukta kwanza, kisha choma vipande vifupi na uache ipoe.
- Linda mapafu. Moshi wa kuchomelea stenlesi una kromiamu yenye sumu inayoweza kusababisha saratani. Fungua milango, vaa barakoa ya kuchuja moshi. Fundi, pafu halina spea.