Hadithi Simulizi Inapoingia Kitabuni: Mfano wa John Kilaka

Swali: "Kuiandika hadithi simulizi ni kuihifadhi na pia ni kuibadilisha." Jadili.

Mtahiniwa, swali la namna hii lina pande mbili. Ukieleza faida za maandishi peke yake, umejibu nusu. Soma mifano ifuatayo, kisha uone jinsi ya kuitumia.

1. Kwa nini tuhifadhi?
Fasihi simulizi huishi katika muktadha wake. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu katika njia ya misafara ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, huku wakiimba. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912, upagazi ulizidi kufifia. Muktadha ulipokwisha, nyimbo hizo zilikosa mahali pa kuimbwa. Hii ndiyo hoja ya msingi: kisichotendwa wala kuandikwa hupotea.

2. John Kilaka ni nani?
Ni msanii Mtanzania kutoka Rukwa, mkoa unaoufikia ukitoka Tabora kuelekea kusini kupitia Sikonge na Mpanda. Hukusanya hadithi kwa wasimulizi wa vijijini, kisha huziandika na kuzichorea picha mwenyewe. Uchoraji wake ni wa mtindo wa Tingatinga, ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga jijini Dar es Salaam mwaka 1968. Wanyama wake huvaa nguo na kuishi kama watu wa kijijini.

Mojawapo ya vitabu vyake ni hurafa ya mti wa ajabu. Wakati wa ukame, wanyama wanaona mti uliojaa matunda, lakini hayaanguki mpaka mti uitwe kwa jina lake. Kobe ndiye anayelijua jina hilo. Wanyama wakubwa wanatumwa kwake, lakini njiani wanalisahau. Sungura, aliyedharauliwa kwa udogo wake, ndiye anayelifikisha: Ntungulu Mengenye.

3. Kinachohifadhiwa
(a) Mtiririko wa matukio na funzo: usimdharau mdogo.
(b) Jina la mti, ambalo bila maandishi lingetegemea kumbukumbu tu, kama ilivyo ndani ya hadithi yenyewe.
(c) Sehemu ya utendaji. Sura za wahusika, mavazi na mikao yao katika picha hufanya kazi ambayo fanani huifanya kwa uso na mikono.

4. Kinachobadilika
(a) Sauti. Fanani hupandisha na kushusha sauti, ukurasa hauwezi.
(b) Hadhira. Katika usimulizi, fanani anaweza kuwataka watoto walitamke jina la mti pamoja naye. Msomaji wa peke yake hana wa kuitikizana naye.
(c) Unyumbufu. Fanani wa Tabora anaweza kuuweka mti huo katika pori la miombo analolijua msikilizaji. Kitabu kikishachapwa, picha ni ileile kwa kila msomaji.
(d) Lugha. Kitabu hiki kimetoka pia kwa Kijerumani na Kiingereza. Hadithi imevuka bahari na kupata wasomaji wapya, lakini imeondoka katika lugha iliyoizaa.

5. Tahadhari
Usihitimishe kwamba kitabu kimeua usimulizi. Mwalimu akikisoma kwa sauti mbele ya darasa na watoto wakaitikia, fanani na hadhira wamerudi. Hitimisho zuri ni hili: kitabu huhifadhi hadithi, lakini usimulizi wenyewe huhifadhiwa na watu wanaoendelea kusimulia.

Zoezi
Mwombe bibi, babu au jirani akusimulie hadithi moja. Iandike, kisha taja mambo matatu uliyoyasikia au kuyaona ambayo kalamu yako imeshindwa kuyanasa. Usingoje mtihani upite; baadhi ya hadithi hizo ziko kwa mtu mmoja tu.