Hesabu, kisha uliza: ninavyochambua shairi na wanafunzi wangu

"Shairi hili ni tarbia, lina vina na mizani." Wanafunzi wangu huandika hivyo haraka, wakaweka nukta. Mimi huwauliza: vina hivyo vinafanya kazi gani? Uchambuzi unaanzia hapo, na njia ninayofuata ni hii.

Soma kwa sauti. Soma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Sikio hunasa vina na kituo cha katikati upesi kuliko jicho.

Hesabu. Ubeti wa mishororo minne ni tarbia. Kila mshororo ukiwa na vipande viwili, cha kwanza ni ukwapi na cha pili ni utao. Hesabu mizani za kila kipande. Nimetunga mshororo huu kwa ajili ya zoezi:

*Mvuvi narudi pwani, wavu wangu mekatika*

"M" ya "mvuvi" ni mizani kamili. Ukiiruka, ukwapi utakuwa na 7 badala ya 8. Kina cha kati ni "ni", cha mwisho ni "ka".

Fuata vina ubeti kwa ubeti. Vyote visipobadilika, ni mtiririko. Kimoja kikibadilika na kingine kikabaki, ni ukara. Vyote vikibadilika, ni ukaraguni. Mshororo wa mwisho ukirudiwa kila ubeti ni kibwagizo. Mara nyingi hoja kuu imewekwa hapo.

Tafuta neno lililobanwa. "Umekatika" limekuwa "mekatika". Hiyo ni inkisari; pasipo hiyo, utao ungefika mizani 9. Lakini usiite kila neno geni uhuru wa mshairi. Abdilatif Abdalla, aliyetunga *Sauti ya Dhiki* (1973) akiwa kifungoni, ni mzaliwa wa Mombasa. Kwa Wamvita, yaani Waswahili wa Mombasa, "mato" si "macho" yaliyogeuzwa kwa ajili ya kina, ndivyo wasemavyo.

Eleza kazi. Wavu uliokatika ni sitiari ya riziki iliyokatika, na kitenzi kimewekwa mwisho, penye kina, ili kisikike zaidi. Taja mbinu, toa mfano, eleza kazi yake.

Ukikutana na shairi huru, kama yale ya Euphrase Kezilahabi katika *Kichomi* (1974), usitosheke kusema halina vina. Tazama mstari umekatwa wapi na neno gani limerudiwa, kisha uliza kwa nini.

Mbinu tatu zilizoelezwa kazi yake zinamfungulia msomaji shairi. Orodha ya mbinu kumi zilizotajwa tu inamwacha mlangoni.