Hofu ya Mtoto Aingiapo Uwanja wa Wakubwa



Katika darasa letu la baada ya Alasiri mzee mmoja alitusimulia habari ya mwanawe, nasi twaona ina somo kwa kila mwenye mtoto. Kijana huyo alikuwa hodari wa mpira hapa kwetu pwani. Januari 2026 alipelekwa skuli moja ya bweni huko Thika kuingia Gredi ya 10. Siku ya kuchaguliwa timu ilipofika, mikono ilimtetemeka na tumbo likamchafuka, akamwambia mwalimu kuwa mguu wamuuma. Mguu haukuwa na lolote. Alipopewa simu azungumze na baba yake, aliambiwa: "Usitutie aibu mbele za watu wa bara." Tangu siku ile hakukanyaga uwanja.

Mzee akatuuliza: "Je, mwanangu amekuwa mwoga?" Twamjibu hapa, kwani jawabu hii yawafaa wengi.

Yafaa kwanza ijulikane hofu hii ni kitu gani. Mtu akabiliwapo na jambo zito, tezi mbili zilizo juu ya figo humimina katika damu kitu kiitwacho adrenalini. Moyo hupiga mbio, pumzi huongezeka, na damu huelekezwa kwenye misuli ikapungua tumboni. Ndiyo sababu tumbo huchafuka na viganja vikawa baridi. Basi huo si ugonjwa wala si uwoga. Ni mwili unaojitayarisha kwa kazi. Bill Russell, mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, alishinda ubingwa mara 11 na timu ya Boston Celtics baina ya 1956 na 1969, naye alijulikana sana kwa kutapika kabla ya mechi kubwa. Tumbo lake halikumzuia kuingia uwanjani.

La pili lawahusu hasa watoto wetu wa pwani. Thika na Ruiru ziko kiasi cha mita 1,500 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya kwetu. Mtoto aliyezoea kukimbia ufukweni hutweta upesi katika siku zake za kwanza huko, akadhani nguvu zimemwisha au hofu imemshinda, kumbe ni hewa tu. Kwa kawaida mwili huanza kuzoea baada ya siku kadhaa, na ukatulia zaidi katika wiki mbili tatu. Yataka aanze pole pole, anywe maji ya kutosha, na amwambie mwalimu wa michezo wapi ametoka. Lakini akiumwa na kifua au akizirai, huyo apelekwe kwa daktari pasi na kungoja.

La tatu ni ukubwa wa uwanja wenyewe. Mwaka 2025 skuli za sekondari hazikupokea darasa jipya la Kidato cha 1, kwa kuwa mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa 2023. Kwa hiyo aliyeingia Gredi ya 10 mwaka 2026 aliwakuta wa Kidato cha 3 na cha 4, walioanza skuli hizo 2024 na 2023, wamekwisha zoeana na kuelewana kwa ishara. Na mbele yao ipo ngazi ndefu: Ruiru na Thika kila moja hushindana kwanza katika kaunti ndogo yake, kisha zikutane katika Kaunti ya Kiambu, halafu kanda ya Kati, halafu taifa, na mwisho Afrika Mashariki. Aliyekuwa wa kwanza mtaani atajiona wa mwisho huko. Hapana ajabu akitetemeka.

Ama dawa, twaona ni hizi.

Asiseme kuwa haogopi, kwani mwili wake wajua kuwa si kweli. Mwaka 2014 Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwapima watu katika kuimba, kuhutubia na hesabu. Waliojiambia kuwa wana hamu ya jambo lile walifanya vizuri kuliko waliojilazimisha kutulia. Mpigo wa moyo ni ule ule. Jina analoupa ndilo linalobadilika.

Avute pumzi kwa pua, kisha aitoe pole pole kwa muda mrefu kuliko aliovutia, mara kadhaa. Moyo hupunguza mbio.

Afikiri kazi moja iliyo mbele yake: pasi hii, mpira huu. Anayefikiri matokeo na macho ya watu, miguu yake humsahau.

Afanye mazoezi mbele ya watazamaji wachache, kisha wengi, ili macho ya watu yasiwe kitu kigeni siku ya mechi.

Wala asikimbie. Kila akwepapo uwanja kwa kisingizio, hupata raha ya siku moja, na kesho hofu hurudi imeongezeka. Aanze timu ya pili au ya tatu, lakini aanze.

Labda mtu atasema: mwenye imani haogopi. Twamjibu kuwa Kurani yatusimulia jinsi wachawi wa Firauni walipotupa kamba zao, na Nabii Musa akahisi hofu nafsini mwake. Hakukemewa; alitulizwa, kisha akatupa fimbo yake. Ikiwa Nabii alitulizwa, mtoto wa miaka 15 akemewe kwa nini?

Basi nusu ya dawa iko mikononi mwetu wazazi. Tumwambiapo mtoto asitutie aibu, twamtwika mzigo wa ukoo mzima juu ya mabega yanayotetemeka. Tumuulize alijifunza nini, kabla ya kumuuliza alishinda au alishindwa. Na hofu ikimnyima usingizi, chakula na masomo, tumwendee mwalimu mshauri wa skuli, wala tusione haya.

Mzee yule alisikia, akampigia mwanawe simu tena. Alimwambia kuwa yeye mwenyewe, siku ya kwanza aliyosimama mbele ya watu kusoma Maulidi, sauti ilimpotea. Kijana akacheka. Wiki iliyofuata alikwenda uwanjani, akatiwa timu ya pili, na bado yumo. Mikono, asema, yamtetemeka vile vile mpaka mpira uanze.

Na Mwenyezi Mungu ndiye mwenye kuwafikisha.