Dondoo muhimu: Kuvua na watoto Ziwa Duluti

Ukitoka Karatu na familia, usihangaike kutafuta trauti. Huyo hutaka maji baridi ya mito ya milimani. Nenda Duluti, ziwa dogo la kreta pale Tengeru, kando ya barabara ya Arusha–Moshi. Humo mna perege na kambale. Langoni, uliza kwanza kama uvuvi unaruhusiwa na sehemu gani. Kwa perege, ndoana ndogo, chambo cha nyungunyungu na boya jepesi vinatosha. Nendeni mapema, kabla jua halijawa kali. Kubwa kuliko yote: kingo za maziwa ya kreta hushuka ghafla, hivyo mtoto avae jaketi okozi hata akiwa amesimama ufukweni. Samaki mchanga mrudisheni majini upesi, mikono ikiwa imelowa.